Setilaiti na paa la shule: jibu kwa mwalimu wa Magarini

"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Magarini, kaunti ya Kilifi. Darasa langu lina watoto 78, na mvua ikinyesha tunawasogeza upande mmoja kwa sababu paa linavuja. Ukuta wa darasa la pili una ufa ambao naona unazidi kupanuka. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwa shangwe kwamba imerusha setilaiti ya Taifa-1 kwa shilingi milioni 50. Tena tunasikia habari za kujenga kituo cha kurushia roketi huku Pwani. Sisi tunaoishi karibu na Ngomeni tumeyaona majukwaa ya Waitaliano baharini tangu utotoni na hatuoni yametufaa nini. Sasa kamati ya Bunge inakuja kuchukua maoni ya wananchi kuhusu bajeti, na wenzangu wamenichagua niseme kwa niaba yao. Nataka kusema mambo ya anga za juu yafutwe kabisa na pesa zije shuleni, kwa sababu hayo ni anasa na elimu ni lazima. Mwanangu wa kidato cha nne ananibishia, anasema nitaonekana mtu wa zamani. Je, niko sahihi au nimepotoka?"

Mwalimu, hujapitwa na wakati hata kidogo. Unaona watoto 78 wakisukumana kona moja kila mvua inaponyesha, halafu unaambiwa serikali hiyohiyo isiyo na pesa za mabati imepata za setilaiti. Mtu asiyeuliza swali hapo ndiye wa kushangaza. Limeulizwa hata katika nchi iliyopeleka watu mwezini. Tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla ya Apollo 11 kuondoka, mchungaji Ralph Abernathy aliongoza familia maskini, pamoja na nyumbu na mkokoteni, hadi kituo cha roketi cha Florida kuuliza kwa nini nchi yao inaweza mwezi na haiwezi njaa. Thomas Paine, mkuu wa NASA (shirika la anga la Marekani), alitoka kuwasikiliza na kuwaambia kwamba kama kuacha kubonyeza kitufe kesho yake kungemaliza umaskini, wasingekibonyeza. Mwaka uliofuata mtawa aliyekuwa akihudumu Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia mwanasayansi wa NASA Ernst Stuhlinger kumuuliza vipi anatetea mabilioni ya safari ya sayari ya Mirihi huku watoto wanakufa njaa. Alijibiwa kwa barua ndefu, ya heshima. Kwa hiyo una wenzako wa maana.

Kazi yangu ni uchumi wa fedha za umma, hasa zile zinazoingia kwenye sayansi na teknolojia. Nitakujibu wazi. Shida uliyoitaja ni ya kweli na inastahili kutangulizwa. Dawa uliyoichagua ndiyo yenye kasoro. Ukifuta matumizi yote ya anga hutapata mabati, na utakuwa umetupa pamoja na makapi vitu ambavyo mfugaji, mkulima na mvuvi wanavihitaji bila kujua vinatoka wapi. Hata hivyo yako matumizi ya anga ambayo ningesimama nawe kuyapinga bila kusita. Tuyatenganishe.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ukumbini utabanwa hapo. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, kwa hiyo milioni 50 za Taifa-1 ni kama shilingi moja kwa kila mtu. Bajeti ya taifa ya mwaka wa fedha 2023/24 ilikuwa zaidi ya trilioni 3.6, katika kila shilingi 100,000 za bajeti hiyo, setilaiti ilichukua kama shilingi moja na senti arubaini. Maafisa wa serikali hupenda kuishia hapo, na mimi siafikiani nao. Kiasi kidogo ukikilinganisha na trilioni bado ni kikubwa ukikilinganisha na kijiji. Kati ya 2021 na 2022 serikali ilijenga madarasa 10,000 ya mtaala mpya kwa bajeti ya takriban bilioni 8, yaani kama shilingi 800,000 kila darasa. Kwa bei hiyo, milioni 50 ni madarasa 62. Ukiweka watoto 45 kila darasa, ni watoto 2,790 wanaokaa pakavu. Mtu akikwambia hizo ni pesa kidogo, mwambie akupe.

Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa pili. Maeneo bunge ni 290, kwa hiyo madarasa 62 ni darasa moja kwa kila maeneo bunge matano hivi, mara moja tu, na uwezekano wa moja kuangukia shule yako ni mdogo. Ukizigawa kwa njia ya mgao wa wanafunzi, ambao kwa shule za msingi umekuwa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, hebu tuchukue watoto milioni 5: kila mmoja anapata nyongeza ya shilingi 10. Inanunua kalamu, nayo inaisha wino kabla ya muhula. Tena ukumbuke kwamba milioni 50 ni bei ya setilaiti, si gharama ya kuendesha Shirika la Anga za Juu la Kenya, yaani KSA, kwa mwaka mzima. Gharama hiyo iko kwenye kitabu cha makadirio ya matumizi, na utaikuta mahali ambapo wengi hawafikirii kutazama: chini ya Wizara ya Ulinzi.

Hapo kwenye Ulinzi ndipo hoja yako inapokwama, kwa hiyo nivumilie kidogo. Wengi tunaifikiria bajeti ya serikali kama mkoba wa mama mwenye nyumba: ukiacha kununua soda, hela inabaki ya kununua unga. Serikali haina mkoba mmoja wa namna hiyo. Kila Februari Hazina ya Kitaifa hupeleka bungeni taarifa ya sera ya bajeti, ambayo huwekea kila sekta kiwango cha juu cha matumizi. Elimu ina kiwango chake, ulinzi una chake. Makadirio kamili yanapofika bungeni, kufikia mwisho wa Aprili, kuta hizo zimekwisha kusimama. Ukifaulu kuishawishi kamati ifute fungu la anga, fedha hizo kwanza zinabaki zikielea ndani ya Ulinzi. Zinaweza kuwa mafuta ya magari, au posho, au zisitolewe kabisa ili kupunguza nakisi. Ili zifike shuleni, lazima mtu aseme kwa maneno yake: punguza fungu hili kwa kiasi hiki, ongeza lile kwa kiasi hichohicho. Bunge lina mamlaka hayo. Lakini mwananchi anayesimama na kusema "futeni ya anga" bila kutaja ziende wapi amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki itafanywa na mtu mwingine kwa faida yake.

Marekani walilifanya jaribio hili, ingawa si kwa kupanga. Mwaka 1966 NASA ilikuwa ikichukua takriban asilimia 4.4 ya bajeti ya serikali kuu. Safari za mwisho za Apollo zikafutwa, na kufikia 1975 sehemu hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia moja. Leo haifiki nusu ya asilimia. Kiwango rasmi cha umaskini nchini humo kilikuwa asilimia 12.1 mwaka Abernathy alipokwenda Florida, na mwaka 1975 kilikuwa asilimia 12.3. Najua umaskini una sababu nyingi, na siwezi kuuweka wote kwenye mizani hii. Nachotaka uone ni kwamba pesa zilizotoka kwa roketi hazikuwa na njia ya kwenda kwa familia zile za mkokoteni, kwa sababu hakuna aliyeijenga njia hiyo.

Sasa kuhusu anasa na lazima. Ukiniuliza mimi, kipimo hicho hakitusaidii sana kwenye fedha za umma, maana kila wizara huja na orodha ya mambo ya lazima. Mimi hutumia kipimo kingine: serikali isipolilipia jambo hili, yupo mwingine atakayelilipia? Mfikirie mvuvi wa Ngomeni. Anasikia redioni kwamba kesho kusi itavuma kwa nguvu, anaiacha ngalawa ufuoni. Taarifa aliyoitumia haikupungua; jirani yake ameisikia ileile, na hakuna namna ya kumziba masikio asiyelipa. Biashara gani itajenga setilaiti ya hali ya hewa ikitegemea wavuvi waichangie? Hakuna. Ndiyo maana picha za mawingu ambazo watabiri wetu wanazitegemea zinatoka kwa setilaiti za Meteosat, zinazolipiwa na serikali za Ulaya tangu ya kwanza iliporushwa mwaka 1977. Vitu vya aina hii, ambavyo vikipatikana kwa mmoja vimepatikana kwa wote, soko huviacha. Ama serikali ivilipie, ama visiwepo. Minara ya taa ya kuongozea meli, chanjo, utafiti wa mbegu na ramani za nchi vimo katika kapu hilo hilo.

Nikupe mfano mmoja kwa undani kwa sababu umetokea nchini mwetu. Marsabit, Januari 2010, watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, pamoja na washirika wao walianza kuwauzia wafugaji bima ya ukame. Kampuni za bima zilikuwa zimeshindwa kuingia kaskazini miaka yote kwa sababu inayoeleweka: nani atakwenda kuhesabu mizoga ya ngamia na ng'ombe jangwani, na atajuaje wamekufa kwa ukame na si kwa ugonjwa au uzembe? Gharama ya kukagua ingezidi bima yenyewe. Basi wakaacha kuhesabu wanyama, wakapima majani kutoka angani. Jani bichi hufyonza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa jua, lakini huurudisha juu ule mwanga wa infraredi ambao jicho letu haliuoni. Jani likikauka, uwiano huo unabadilika. Kamera ya setilaiti inapima mianga yote miwili, kompyuta inatoa tofauti, na unapata namba inayosema eneo hili ni kijani kiasi gani wiki hii ukililinganisha na miaka iliyopita. Namba ikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, mfugaji analipwa. Hakuna fomu ya madai wala afisa wa kuja kutazama mzoga. Malipo ya kwanza yalitolewa Oktoba 2011, baada ya ukame mkali wa mwaka ule. Mwaka 2015 serikali yenyewe ikaanza kuzilipia familia maskini bima ya namna hiyo, kwa kuanza na Turkana na Wajir.

Bima hiyo ina kasoro, na lazima niiseme. Setilaiti inaona ukijani, haioni lishe. Kichaka kisicholiwa na mnyama nacho ni kijani, kwa hiyo mtu anaweza kupoteza ng'ombe huku namba inasema mambo ni shwari. Watu wa kaskazini wamelalamikia hilo na wana haki. Lakini angalia chanzo chake. Picha zile zilitoka kwa setilaiti za kuchunguza dunia zilizojengwa kwa kodi ya Wamarekani, na sidhani kama kuna mbunge wao aliyepiga kura akiwaza mbuzi wa Marsabit. Faida za maarifa hupita njia usizozitegemea na huchukua miaka. Ukipanga bajeti kwa kutazama msimu mmoja tu hutaziona, na ukiahidiwa zitafika mwakani mwambie anayeahidi kwamba anakudanganya.

Nimgeukie mwanao, kwa sababu upande wake nao una hoja mbovu. Akikwambia tusingekuwa na Teflon (ule utando wa kikaango usiogandisha chakula) au Velcro (ule ukanda wa kunatisha viatu na mikoba) bila safari za anga, msahihishe: Teflon iligunduliwa kwenye maabara ya DuPont mwaka 1938, na Velcro ni ya Mswisi aliyeibuni miaka ya 1940, kabla NASA haijazaliwa. Akisema pesa haziendi angani, zinabaki duniani kama mishahara, ni kweli, lakini hata kuchimba shimo na kulifukia hulipa mishahara. Isitoshe, sehemu ya kazi ya Taifa-1 ilifanywa na kampuni ya Bulgaria, na setilaiti ilirushwa na roketi ya SpaceX kutoka California tarehe 15 Aprili 2023. Na akisema ni fahari ya nchi, fahari ni nzuri, lakini haistahili kulipiwa kwa paa la watoto.

Sasa nikwambie jambo ambalo wakubwa wa anga hawapendi kulisema hadharani. Kwa picha peke yake, Kenya haikuihitaji Taifa-1. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya zinapiga picha ya shamba lolote la Kenya kila baada ya siku tano hivi, kwa undani wa mita 10, na picha hizo ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Za Landsat za Marekani nazo ni bure tangu 2008. Kabla ya hapo picha moja iliweza kuuzwa kwa mamia ya dola, au zaidi. Kilichonunuliwa kwa milioni 50 ni masomo: wahandisi Wakenya kujifunza kubuni chombo, kukipima, kukiongoza na kuzisoma data zake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kile kisanduku cha sentimita 10 cha Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, kilichoachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga mwezi Mei 2018 kwa msaada wa Japani na Italia. Ada ya shule si matumizi mabaya. Lakini mzazi anayelipa ada huuliza mtoto amejifunza nini na anafanya kazi wapi. Wale vijana wakiwa wamekwisha kuondoka nchini kwa kukosa kazi, tulilipa ada ya mtoto wa mwingine.

Na kwa nini tusitumie tu vya bure vya wenzetu milele? Mtegemea cha nduguye hufa hali maskini. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mfumo wa FEWS NET, ambao tangu 1985 umekuwa ukitoa onyo la mapema la njaa Afrika, ulizimika kwa miezi. Mwaka huohuo Ikulu ya Marekani ilipendekeza bajeti ya NASA ipunguzwe kwa karibu robo. Nchi isiyo na watu wake wanaojua kusoma data hizi, siku mlango ukifungwa, inabaki gizani. Kwa hiyo mimi ningeweka pesa kwa watu na kompyuta kwanza, kisha setilaiti ndogo za kufundishia, na setilaiti kubwa baadaye kabisa kwa kushirikiana na majirani. Rwanda ilirusha yake ndogo 2019 na Uganda 2022. Hakuna sababu ya kila mmoja wetu kuanza moja peke yake.

Lakini hata tukiwa na data nzuri kuliko zote, pengo kubwa liko chini, kati ya picha na mtu. Oktoba 1999 kimbunga kiliipiga Odisha, mashariki mwa India, kikaua watu karibu 10,000. Oktoba 2013 kimbunga Phailin kilipiga pwani hiyohiyo. Mara hii watu karibu milioni moja walikuwa wamehamishwa mapema, na waliokufa walikuwa makumi. Setilaiti na rada zilisaidia sana kukifuatilia, lakini waliookoa watu ni wale waliopita mlango kwa mlango, na majengo ya kujihifadhi yaliyojengwa katika miaka ile kumi na minne. Kwetu, mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua karibu watu 300, na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mvua kubwa. Taarifa ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuipeleka kitongojini na mahali pa kuwahamishia watu. Hapo ningependa sauti yako iwe kali kuliko ulivyopanga: kila shilingi inayoombwa kwa ajili ya anga ioneshe shilingi nyingine ya kuifikisha taarifa kwa mkulima. Uhaba wa maafisa wa ugani, wale wa kumfikishia mkulima ushauri, unaujua vizuri kuliko mimi.

Nifike kwenu Ngomeni. Kati ya 1967 na 1988 Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco mnaloliona baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru, iliruka kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na NASA wakaipa jina Uhuru kwa heshima ya Kenya. Ilisaidia kutambua shimo jeusi la Cygnus X-1, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alitunukiwa Nobel mwaka 2002. Jina likawa letu, elimu ikaenda Roma na Marekani. Watoto wa Magarini walipaswa kuwa wamesomeshwa kutokana na lile jukwaa kwa miaka hamsini. Unaposema halikuwafaa, unasema dai la haki, na ningekusihi ulidai hivyo: nafasi za mafunzo na ufadhili kwa vijana wa Magarini ziandikwe kwenye kila mkataba mpya.

Kuhusu kituo kipya cha roketi, hapo niko upande wako. Watetezi wake hutaja ikweta, na fizikia yao ni sahihi: uso wa dunia kwenye ikweta unakwenda mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekezwa mashariki kutoka Pwani yetu huondoka na mwendo huo bila kuuchomea mafuta. Wasilolitaja ni kwamba setilaiti za kupiga picha mashamba huzunguka kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini. Hizo mwendo wa ikweta hauzifai kitu; roketi hulazimika hata kuupunguza. Ndiyo maana California iliifaa Taifa-1. Mwekezaji binafsi akija na pesa zake, akalipa ardhi kwa haki na kuheshimu wavuvi, azungumzwe naye. Kodi ya mwananchi isitangulie hapo.

Kabla ya kikao, yako mambo mawili yasiyongoja bajeti yoyote. Ule ufa. Ikiwa unapanuka, au mlango umeanza kubana, au ukuta umeinama hata kidogo, hamisha watoto leo, hata kama ni chini ya mwembe. Mwalimu mkuu aandike kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo na amwite mhandisi wa ujenzi wa serikali aje autazame kwa macho. Picha ya simu au ushauri wa mtu wa mbali kama mimi hautoshi. Paa nalo halingojei trilioni: bodi ya shule ipeleke ombi lenye makadirio ya fundi kwa ofisi ya mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, NG-CDF, ambao umejenga madarasa mengi vijijini. Mustakabali wa mfuko huo umefikishwa mahakamani, kwa hiyo msicheleweshe.

Ukumbini usiseme "futeni". Uliza picha za Taifa-1 zimetumiwa na ofisi gani ya kilimo, kaunti ndogo gani, na zilibadilisha uamuzi upi. Uliza wahandisi waliofundishwa wangapi bado wako kazini hapa nchini. Wakikosa majibu, pendekeza nyongeza yoyote ya mwaka huu izuiwe hadi yapatikane, na utaje fungu la ukarabati wa shule ambako ungependa kiasi hicho kihamie. Ukitaka majibu mapema, waandikie KSA sasa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21. Kumbuka pia kwamba maafisa wa ugani ni wa kaunti, kwa hiyo dai hilo lipeleke kwa mwakilishi wadi wako na kwenye vikao vya bajeti vya Kilifi, maana kamati ya Bunge itakwambia si kazi yake. Maneno ya mdomo karani huyafupisha, kwa hiyo yaandike yote kwenye ukurasa mmoja, wenzako watie sahihi, mpeleke nakala mbili, na yenu igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hamjatoka.